Dawa Niliyoisugua

Wasifu wa marehemu ulisomwa na mpwa wake, kijana mwenye sauti ya kutangaza redio, amesimama kando ya jeneza huko Bungu huku manyunyu yakiilowesha karatasi mkononi mwake. Alisoma kuzaliwa, ubatizo, kipaimara, chuo cha uuguzi, kisha miaka ya utumishi hospitalini. Halafu akasoma sentensi ambayo imekataa kunitoka kichwani: kwamba katika miaka yote ambayo Sista Tabea alisimamia vyombo vya upasuaji, hakuna mgonjwa hata mmoja aliyepata madhara kwa chombo kilichopita mikononi mwake. Waombolezaji wakaitikia kwa vichwa. Mama mmoja mbele yangu akanong'ona, "Kweli kabisa." Mimi nilikuwa nimeshika shada la wafanyakazi wa zamani, na nililikaza mpaka waya wake ukanichoma kiganjani. Sikwenda Bungu kulipiza kisasi. Nilikwenda kumzika mwalimu wangu, kwa sababu kila ninachokijua kuhusu usafi wa chombo cha upasuaji mwanzo wake ni yeye, na hilo halinipunguzii hasira hata kidogo. Marehemu hasemwi vibaya, tunaambiwa. Basi sitamsema vibaya. Nitasema kilichotokea, na atakayeona ni kibaya ajue kilikuwa kibaya siku kilipotokea, si leo ninapokisema.

Mwaka kilipotokea nilikuwa na miaka ishirini na nne, mhudumu wa afya kwa mkataba wa mwaka mmoja, katika hospitali moja ya milimani juu kidogo ya mji wa Lushoto. Jina lake siliandiki, maana wanaofanya kazi pale leo hawana kosa. Nilipangiwa chumba cha kusafishia vyombo. Kilikuwa na mlango mmoja wa kuingizia vyombo vichafu, na damu yake, na upande wa pili kidirisha kilichofunguka kwenye chumba cha upasuaji, ambacho hakikupitisha kitu mpaka kiwe kimetakaswa. Katikati palikuwa na masinki mawili ya zege, meza ya bati, kabati la vioo na mashine ya mvuke, pipa kubwa lenye mlango mzito wa mviringo, lililonguruma tangu saa moja asubuhi. Nje ukungu ulikuwa umelala juu ya mikaratusi na watu wamejikunja ndani ya makoti. Sisi ndani tulitokwa jasho mpaka viatuni. Sista Tabea alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa iliyochubuka kwa dawa. Hakuwa mtawa, kwetu kila muuguzi wa kike ni sista. Alijua idadi ya makasi bila kuhesabu, kwa uzito wa sinia tu. Siku ya kwanza alinisimamisha mbele ya mashine akaniambia, "Chuma ambacho hakijapita mvuke wangu hakiingii kwenye mwili wa mtu. Ukilishika hilo, mengine utajifunza." Nikalishika.

Saa nne tulikunywa chai ya rangi na viazi mviringo vya kuchemsha, tukivichovya kwenye chumvi iliyotwangwa na pilipili. Msimu wa maplamu ulipofika Sista alileta beseni zima kutoka kwake, akaliweka dirishani, akasema, "Kula, mwanangu, mvuke unanyonya nguvu." Alikuwa akiongea na mwenziwe wa wodi ya wanaume kwa Kishambaa, akidhani kwamba nikiwa kwenye maji yanayochuruzika sisikii. Nilisikia mengi. Nilisikia kwamba amebakiza mwaka na miezi kustaafu, kwamba anataka aondoke bila doa, na kwamba vijana tunaokuja sasa na vyeti vyetu vya kidato cha nne tunadhani kusoma ni kujua. Nilicheka peke yangu kwenye sinki. Wakati huo nilimpenda, na sioni aibu kulisema.

Wodi ya mifupa ilikuwa ng'ambo ya uwanja, na harufu yake uliipata kabla ya kufika mlangoni. Watu walivunjika miguu kwenye mashamba ya mteremko, kwenye pikipiki, kwenye magogo, wakawekewa vyuma, na baadhi ya vyuma hivyo vilioza ndani. Nasema vilioza, ingawa chuma hakiozi, kwa sababu ndivyo walivyosema wagonjwa. Daktari Mhina, daktari wetu wa mifupa, alichoka kuvitoa. Aliwaandikia watu aliosoma nao ng'ambo, akangoja, na mwanzoni mwa mwaka ule boksi likafika. Alitukusanya kwenye chumba cha chai, akashika pakiti moja iliyofungwa, ndani yake chuma chembamba kama kidole na kirefu kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Kazi yake ni kupigiliwa ndani ya uboho wa muundi, mfupa wa mbele ya mguu, kiushikilie mpaka uunge.

"Chuma kikikaa mwilini," alisema, "bakteria wanakigombea. Wakitangulia kukikalia wanatengeneza ukoga. Mnaujua ukoga wa meno mtu anapoamka asubuhi? Ni huohuo. Ukishaganda juu ya chuma, dawa ya sindano haiupenyi, na nguvu ya mwili haiupenyi. Dawa inabaki moja tu, kukitoa chuma chenyewe."

Mtu akauliza hiki kina tofauti gani na vya zamani.

"Hiki ni cha titani. Ni chepesi, na mfupa unakipokea. Lakini titani tupu haiui bakteria. Kwa hiyo wamekipaka utando wenye antibayotiki, mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Zile siku za mwanzo, bakteria wanapotafuta pa kukaa, wanakuta dawa imeshakalia." Alikishusha chini taratibu. "Viko sita. Nitawatunzia wale waliovunjika vibaya, mfupa ukatokeza nje."

Sijawahi kumwona mtu mzima akifurahi hivyo kazini. Nasi tulifurahi. Boksi likapelekwa stoo, kwa sababu hakuna kinachoingia hospitali bila kupita stoo. Huko mtunza stoo, mtu mpole wa Muheza aliyekuwa akituletea machungwa, alitaka kuandika urefu wa kila chuma. Maandishi ya kwenye pakiti hakuyaelewa. Akachukua wembe, akachana pakiti zote sita, za nje na za ndani, akavipima kwa rula, akaviweka tena kwenye boksi akalifunga kwa gundi ya karatasi. Alifanya kazi yake. Kila mtu katika kisa hiki alifanya kazi yake, na ndiyo sababu nikisikia mtu akisema alikuwa anafanya kazi yake tu ninapandwa na hasira.

Boksi lilipofika kwetu nilikuta karatasi ya maelezo imekunjwa chini kabisa. Ilikuwa ya Kiingereza. Kiingereza changu kilikuwa cha shule ya kata, lakini nilikuwa na kamusi na nilikuwa na saa nzima ya kungoja mashine. Niliisoma mara mbili. Kisha nikaenda kwa Sista Tabea, ambaye alikuwa akikunja vitambaa vya kijani.

"Sista, hapa wameandika visipitishwe kwenye mvuke. Vimetakaswa kiwandani. Joto linaharibu ile dawa. Na pakiti ikishafunguliwa, chuma kisitumike."

"Kisitumike, kifanywe nini?"

"Kitupwe, Sista."

Aliacha kukunja. "Vyote sita?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Basi nenda wewe kwa daktari. Mwambie zawadi aliyoingoja muda wote huo tumeitupa shimoni kwa sababu Debora amesoma karatasi."

"Tungemuuliza tu, Sista."

"Binti, wewe umekuja jana. Mimi nikimuuliza daktari kila kitu, atapasua saa ngapi? Vimeguswa na mikono ya stoo, vina vumbi. Chuma ni chuma. Funga, weka ndani."

Nilifunga nikaweka ndani. Mvuke ulipokwisha na mlango ukafunguliwa, vyuma vilitoka vimebadilika. Ule utando ulikuwa umevimba na kujikunja kama utando wa juu ya maziwa yaliyochemka, mahali pengine umepasuka, una rangi ya manjano iliyochujuka. Sista Tabea aliugusa kwa ukucha. Nilimtazama usoni, na nitakula kiapo kwamba alijua. Alijua kwa muda mfupi, kisha akakataa kujua.

"Uchafu huu," akasema. "Sugua."

"Sista, huo ndio dawa yenyewe."

"Dawa gani inakaa hivyo? Utampelekea daktari chuma chenye magamba? Chukua brashi ya waya."

Nilichukua brashi ya waya. Nilisugua vyuma sita kuanzia baada ya chai hadi karibu na saa nane, utando ukitoka vipande vipande na kuzama kwenye bomba la sinki, mpaka misuli ya mkono ikaniuma na titani ikang'aa kwa mikwaruzo. Kisha vikapita kwenye mvuke mara ya pili, vikafungwa kwenye vitambaa vya kijani, vikawekwa kabatini. Baadaye sana, chuoni, nilijifunza kwamba mikwaruzo hiyo ni mashimo ya bakteria kujifichia. Kwa hiyo sikutoa dawa tu. Niliwajengea nyumba.

Wa kwanza kuwekewa alikuwa Mwanaidi, fundi cherehani wa Lukozi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Ilikuwa masika, soko la Lukozi limejaa tope, na lori la kabichi likirudi kinyumenyume lilimbana mguu wa kulia kwenye nguzo ya banda lake. Mfupa wa muundi ulitokeza nje. Alifika akiwa na akili zake zote, anamuuliza kila mtu kama mguu ule utakanyaga tena cherehani, maana kwa fundi mguu wa kulia ndio injini. Daktari Mhina alimwambia, "Una bahati, mama. Tuna chuma chenye dawa." Nilikuwa upande wa pili wa kidirisha. Nilipitisha sinia. Sista Tabea, ambaye ndiye aliyempa daktari vyombo siku hiyo, alilipokea, akafungua kitambaa cha kijani, na daktari akainua chuma kwenye mwanga wa taa kubwa.

"Hiki ndicho?" akauliza.

"Ndicho, Daktari."

"Kile cha dawa?"

"Ndicho kilichopo," alisema Sista Tabea.

Nilimwona daktari akipitisha kidole chenye glavu juu ya mikwaruzo, mara moja, polepole, kama mtu anayepapasa ukingo wa panga. Mwanamke alikuwa amelala mbele yake mguu wazi. Angeweza kusema lete cha zamani. Vya zamani vilikuwepo. Angeweza kuuliza swali moja zaidi, na mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, nangoja kuulizwa. "Haya," akasema, na kazi ikaendelea. Nikafunga kidirisha. Kukifunga kulikuwa kazi yangu.

Wiki mbili za mwanzo nilikwenda wodini kila baada ya kazi. Sikumwambia kitu, nilikwenda kuangalia. Yeye akadhani nimempenda tu, na kweli nikampenda. Alikuwa na ulimi mkali. Wagonjwa wenzake walimcheka kwa jinsi alivyokosoa mishono ya sare za wauguzi, akituita mmoja mmoja kitandani na kuonyesha pindo zilizofumuka. Mama yake mzazi, asiyejua Kiswahili zaidi ya salamu, alitoka Lukozi siku za soko na kapu lenye viazi, ndizi na fungu la mchaichai. Tuliuchemsha kwenye jiko la mkaa nyuma ya wodi, tukanywa watatu, mama yake akinisimulia kwa Kishambaa jinsi binti yake alivyoanza kushona akiwa hafiki kwenye kanyagio. Kikombe changu kilikuwa cha bati la bluu, kimebanduka mdomoni. Ninakumbuka kila kitu kuhusu vikombe vile. Wiki ya tatu kidonda kikawa chekundu. Wiki ya nne usaha ukatoka, na nikaijua harufu kabla ya muuguzi kufungua bandeji. Walimpa dawa za sindano zote walizokuwa nazo, zikapita pembeni ya ukoga kama daktari mwenyewe alivyotufundisha. Mwezi wa tatu wakakitoa chuma. Kilirudi kwetu kwenye sinia la vyombo vichafu. Mimi ndiye niliyekiosha.

Kwa sababu chuma kile kilikuwa cha msaada, waliotuma walitaka kujua kimefanyaje kazi, na hapo ikaandikwa taarifa. Niliitwa kwenye chumba cha chai. Daktari Mhina alikuwa ameketi, Sista Tabea amesimama dirishani amenipa mgongo. Karatasi ilisema kwamba chuma kilisafishwa na kutakaswa kwa kufuata utaratibu, na kwamba maambukizi yalitokana na mgonjwa kuweka majani ya kienyeji kwenye kidonda. Muuguzi mmoja alikuwa ameyaona majani kwenye kabati la kitanda chake.

"Weka saini hapo," daktari akasema, "chini ya jina la Sista."

"Daktari, majani yale ni mchaichai."

"Uliyaona yakitumika kwa nini?"

"Chai. Nimeinywa mwenyewe."

"Basi hujui kama hayakutumika kwa kingine."

Alilisema bila ukali wowote, akinisogezea kalamu. Nilimtazama Sista Tabea. Alikuwa akiangalia nje, kwenye ukungu, na mikono yake mikubwa ilikuwa imeshikana nyuma. Mkataba wangu ulikuwa umebakiza miezi michache tu. Hakuna aliyenishika mkono, hakuna aliyenitisha. Niliweka saini, na ikatoka nzuri, yenye mkia.

Leo ninafundisha wahudumu wa vyumba vya vyombo. Nikionyesha picha ya chuma kilichopakwa dawa, iwe antibayotiki au madini ya fedha, kila darasa lina mmoja anayeuliza, "Mwalimu, kikifunguliwa kwa bahati mbaya, hakiwezi kurudishwa kwenye mvuke mara moja tu?" Namjibu kwa ukali usiomstahili, kisha wakati wa mapumziko namtafuta nimwombe radhi. Hajui ninamjibu nani. Watu wanadhani jambo baya hospitalini hufanywa na mtu mzembe, mlevi, mla rushwa. Sista Tabea hakuwa hata mmoja wa hao. Alikuwa hodari, na uhodari wake ulikuwa umefungwa kwa sheria moja ambayo siku zote ilikuwa kweli, mpaka siku ilipoacha kuwa kweli, na siku hiyo hakuwa tayari kusema sijui. Daktari Mhina alijua sana, akawa na haraka. Mimi nilijua na niliogopa. Na karatasi ikawapata wenye kosa: mgonjwa, na mama yake wa Lukozi asiyejua Kiswahili, na fungu lake la mchaichai. Hapo ndipo hasira yangu inapokaa, na sitaki itoke.

Mwanaidi aliruhusiwa kwenda nyumbani. Mfupa uliunga, ila mguu ulifupika kidogo na kifundo kikafa, hakikupinda tena. Sisi kazini tukaendelea kama kawaida, viazi saa nne, chumvi na pilipili. Sista hakulizungumza jambo lile, nami sikulizungumza. Vuli ilipokaribia, ratiba ya upasuaji ikabandikwa Ijumaa ukutani: Jumatatu, mzee wa Kimbugu aliyeporomoka shambani, muundi uliotokeza nje. Mbele ya jina lake daktari alikuwa ameandika, chuma cha titani. Nilifungua kabati. Vilikuwepo vitano, ndani ya vitambaa vya kijani, vimefungwa kwa mafundo yangu mwenyewe.

Jumamosi nilipanda kwenda Lukozi. Ilikuwa siku ya soko, karoti na kabichi zimelundikwa hadi barabarani. Mwanaidi alikuwa bandani kwake, ameketi kwenye benchi, mguu wa kulia umenyooka mbele kama ubao, anashona vifungo kwa mkono. Cherehani ilikuwa imefunikwa kwa khanga. Alifurahi kuniona. Akamtuma mama yake alete ugali na maharage, akaanza kuniuliza habari za wauguzi kwa majina na kwa pindo zao. Nilikula matonge mawili.

"Mbona huli, Debora?"

"Dada, kuna jambo nimekuja kukwambia."

Nilimwambia lote: stoo, karatasi ya maelezo, mvuke, brashi ya waya, kidole cha daktari, saini. Nilisema kwa Kishambaa, kwa sababu mama yake alikuwa ameketi pale na ilimhusu. Mama yule alisikiliza mpaka niliposema habari ya mchaichai. Hapo aliinuka, akatoka nje, akasimama akiliangalia soko. Mwanaidi hakusimamisha sindano yake.

"Ulitia saini," akasema.

"Nilitia, dada."

Akamaliza kifungo, akakata uzi kwa meno. "Vyuma vingine viko wapi?"

"Kabatini."

"Vingapi?"

"Vitano."

"Vitano viko kabatini, Jumatatu kimoja kinaingia kwa mtu, na wewe uko hapa unakula maharage yangu."

Hakupaza sauti. Alisogeza sahani yangu pembeni, akachukua daftari lake la vipimo vya wateja, akachana ukurasa wa katikati, akaniwekea mbele na kalamu. Niliandika. Nilipomaliza akaichukua karatasi akaisoma kwa kidole, neno kwa neno, jinsi alivyokagua mishono.

"Hapa umeandika, vyuma vilipitishwa kwenye mvuke. Vilijipitisha? Chuma kina miguu?"

"Sista aliagiza, mimi nikaviweka."

"Andika hivyo. Na hapa, tulisugua dawa ikatoka. Mlikuwa wangapi mnasugua?"

"Nilikuwa peke yangu."

"Sasa hiyo 'tu' ya tulisugua ni ya nani? Futa."

Nilifuta. Alichana ukurasa mwingine kwa sababu ule ulikuwa umechafuka, nikaandika upya tangu mwanzo: nilisoma, nilisema, niliagizwa na Sista Tabea, nilisugua, nilitia saini kwenye taarifa isiyo kweli. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule kuona vitendo vyangu vimesimama vyenyewe kwenye mstari. Herufi zilitoka mbaya. Aliniandikisha nakala ya pili, akaikunja akaiweka ndani ya droo ya cherehani.

Jumatatu saa moja nilimkabidhi Daktari Mhina barua kwenye chumba cha chai, Sista Tabea akiwepo. Aliisoma amesimama. "Hii haikuwa lazima iandikwe," akasema. "Ungekuja tukaongea."

"Niliongea siku ile ya saini, Daktari."

Aliikunja akaitia mfukoni mwa koti. Nikamwambia nakala nyingine anayo mgonjwa, huko Lukozi. Akatoka akaenda mwenyewe kwenye kabati, akavichukua vile vitano pamoja na vitambaa vyake, na sikuviona tena. Mzee wa Kimbugu hakuwekewa chuma. Mguu wake ulivutwa kwa kamba iliyoning'inizwa mawe ya mizani, uunge ukiwa umenyooka, akalala wiki nyingi chali akilalamikia chakula, na mfupa wake ukaunga. Hilo nalijua kwa sababu nilikwenda kumwangalia mpaka siku ya mwisho ya mkataba wangu, ambao haukuongezwa. Taarifa haikubadilishwa. Kwenye faili la Mwanaidi, kama halijaliwa na mchwa, bado yapo majani ya kienyeji.

Sista Tabea, baada ya daktari kutoka siku ile, aliniambia kwa sauti ya chini, "Umenivua nguo mbele ya watu."

"Sista, na wewe andika. Mstari mmoja tu, kwamba uliagiza."

"Toka kwenye chumba changu."

Miezi iliyobaki alinisemesha kwa vyombo tu: makasi, sinia, maji. Alistaafu mwaka uliofuata, wakamfanyia sherehe. Nilimwandikia barua mara tatu kwa miaka mingi, zote za heshima, zote zikianza na shikamoo. Hakujibu.

Desemba ile, nikiwa sina kazi, nilipanda tena Lukozi kumwambia Mwanaidi kwamba vyuma havipo kabatini. Nilimkuta ameazima cherehani ya mkono, ya kuzungusha, ameiweka juu ya meza. Mkono wa kulia ulizungusha gurudumu. Mkono wa kushoto peke yake ulihangaika kuongoza kitambaa kizito cha sketi za shule, zilizorundikwa sakafuni zikingoja Januari. Nilisimama mlangoni, nikamsalimu, nikamweleza habari za vyuma na za yule mzee. Alisikiliza hadi mwisho, gurudumu likizunguka.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua, dada."

"Usije ukadhani kwa kuwa umekuja ndiyo yameisha."

"Sidhani."

Kitambaa kilijikunja chini ya sindano. Akasonya, akakirudisha nyuma, akaninyooshea kidevu kuelekea kwenye kigoda upande wa pili wa meza.

"Kaa hapo. Shika huku, kisipinde."

Nikakaa, nikashika.